Nasaba ya Maji ya Busibwabo

Maji hufuata mkondo, walinena wahenga, na kwa maji yanayoonekana kwa macho methali hii haina mpinzani. Mto Sio huteremka kupitia nchi ya Wakhayo na Wasamia hadi ukaingia Ziwa Victoria. Mto Malaba na Mto Malakisi, ambayo chimbuko lake ni Mlima Elgon, huelekea upande wa Uganda hadi Ziwa Kyoga. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuichora mikondo hiyo kwa kalamu ya risasi. Je, maji yaliyofichika chini ya ardhi hufuata mkondo upi? Yalitoka wapi, yaliingia lini, na ni nani aliyeyaona yakipita? Swali hili nilikutana nalo nyumbani kwetu Busibwabo kabla sijakutana nalo chuoni, na ndilo ninaloliweka mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Huenda msomaji akajiuliza: mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kazi yake ni ngeli, vitenzi na mizani za ushairi, ana lipi la kusema kuhusu maji ya ardhini? Jibu langu ni kwamba elimu inayoweza kulijibu swali hili ipo, tena ipo karibu nasi, lakini haijafika kisimani kwa lugha ya mchota maji. Maadamu haijafika, watu wataendelea kuamua mambo mazito kwa kukisia. Nitaeleza kwanza mambo hayo ni yapi.

Busibwabo ni wadi ya Eneobunge la Matayos, katika Kaunti ya Busia, si mbali na mji wa mpakani ambako malori ya mizigo hupanga foleni kuelekea Uganda. Mvua za masika hunyesha kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Agosti hadi Oktoba. Jamaa nyingi huchota maji ya chemchemi, ya visima vilivyochimbwa kwa majembe, au ya visima virefu vyenye pampu ya mkono. Chemchemi ya ukoo wetu iko chini ya mteremko, kwenye migomba, na tangu nipate akili sijaiona ikikauka. Kwa sababu haikauki, kila mtu ana maelezo yake kuhusu asili ya maji yake.

Baba yangu mdogo hushikilia kwamba maji yale hutoka Masaba, yaani Mlima Elgon, na kwamba yamepita katika mishipa ya miamba kwa safari ndefu. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa mvuvi katika ujana wake, husema ni maji ya Ziwa Victoria yanayorudi nyumbani kwa njia ya chini. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, hasemi mengi. Yeye hudai kwamba maji ya chemchemi ni mvua yetu wenyewe iliyonyesha kwenye mashamba ya juu, kwa kuwa ameishi miaka mingi akiiona chemchemi ikinenepa majuma kadhaa baada ya masika kukolea.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mazungumzo ya kupitishia jioni. Kila kauli ina wajibu ulioambatana nayo. Ikiwa maji hutoka Masaba au ziwani, basi lolote tulifanyalo katika mteremko wetu halina madhara: tuchimbe choo popote, tumwage mbolea tutakavyo, tupande mikalitusi juu ya chemchemi. Ikiwa maji ni mvua yetu, basi choo cha jirani, shamba la jirani na miti ya jirani vimo ndani ya mtungi wetu. Atakayesema maji ni ya mbali huwa amejiondolea lawama, na atakayesema ni ya karibu huwa amejitwika mzigo. Ndiyo maana mjadala huu, kila unapozuka, huzuka kwa sauti za juu.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na mwanafunzi wa jiolojia, na ni yeye aliyeniambia kwamba maji yana nasaba inayosomeka. Nitajaribu kuieleza nilivyoielewa.

Maji ni muungano wa haidrojeni na oksijeni. Lakini atomu za oksijeni hazilingani zote kwa uzito. Nyingi zina protoni 8 na nyutroni 8 katika kiini chake, nazo huitwa oksijeni-16. Chache, takriban 1 katika kila 500, zina nyutroni 10, nazo huitwa oksijeni-18. Haidrojeni nayo ina ndugu yake mzito aitwaye deuteriumu, aliyegunduliwa na Harold Urey wa Marekani mwaka 1931. Huyu ni adimu zaidi, takriban 1 katika kila atomu 6,400. Ndugu hawa, ambao ni elementi moja na hutofautiana kwa uzito tu, ndio waitwao isotopu. Maji yenye isotopu nzito hunyweka kama maji mengine wala ulimi hauwezi kuyatambua. Tofauti yake hujitokeza maji yanapogeuka mvuke na mvuke unapogeuka mvua.

Nimetafuta mfano wa jambo hili jikoni, nao upo. Sufuria ya mchuzi ikiachwa mekoni, mvuke huondoka na chumvi hubaki, hata mchuzi ukawa mkali. Ziwa lililo juani ni kama sufuria hiyo: molekuli nyepesi hutangulia kuruka, na maji yanayobaki huwa na wingi wa isotopu nzito. Mfano wa pili ni wa kupepeta. Mama anapopepeta mtama kwenye upepo, punje nzito huanguka karibu na miguu yake na makapi mepesi hupeperushwa mbali. Wingu nalo hupepeta. Linapoanza kunyesha hudondosha kwanza molekuli nzito, na kadiri linavyopanda mlima ndivyo mvua yake inavyozidi kuwa nyepesi. Kwa kila mita 100 za kupanda, kiwango cha oksijeni-18 katika mvua hupungua kwa takriban sehemu 0.15 hadi 0.5 katika 1,000. Kilele cha Mlima Elgon kina mita 4,321, ilhali mji wa Busia uko kwenye mita 1,200 hivi. Mvua ya miteremko ya juu ya Masaba, mvua ya Busibwabo na maji ya ziwa yaliyokaa juani ni maji ya alama tatu tofauti.

Sisi wanafunzi wa lugha hatupaswi kushangaa. Tazama neno bodaboda. Leo linatumika Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, na watu wengi hulitamka bila kuuliza lilizaliwa wapi. Lakini ndani yake mna alama ya nyumbani kwetu: lilitokana na wapanda baiskeli waliovusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, nao wakaliita soko lao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, likatamkwa kwa ulimi wa Kibantu na kurudiwa mara mbili. Neno meza nalo lingali na sura ya Kireno, na neno shule lina sura ya Kijerumani, ijapokuwa yote yamekwisha kuingia katika ngeli zetu na kutii upatanisho wake. Anayejua kusikiliza husikia neno limetoka wapi. Mwanasayansi wa isotopu huyasikiliza maji kwa namna hiyohiyo.

Usikilizaji huo una utaratibu wake. Mchukua sampuli hupiga pampu kwanza mpaka maji yaliyolala ndani ya bomba yatoke yote, kisha hujaza chupa ndogo hadi mdomoni bila kuacha hata kiputo cha hewa, akaifunga kwa nguvu. Akiacha nafasi, maji yatageuka mvuke ndani ya chupa na kuibadilisha alama anayoitafuta. Huandika mahali, kina na tarehe. Maabara hulinganisha sampuli na maji ya kipimo yaliyotengenezwa kuwakilisha wastani wa bahari, ambayo hutunzwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lenye makao yake Vienna. Matokeo ya visima vingi yakiwekwa kwenye ramani, kila kimoja kwa tarakimu yake, michoro huanza kujitokeza: hapa maji ya mvua ya karibu, pale maji ya mlimani, kwingine maji yaliyopitia ziwani.

Ili kusoma ramani hiyo ni lazima kuijua mvua yenyewe. Mwaka 1961 Mmarekani Harmon Craig alionyesha kwamba mvua na mito ya sehemu nyingi za dunia hufuata mstari mmoja: oksijeni-18 ikibadilika kwa 1, deuteriumu hubadilika kwa takriban 8. Maji yaliyokaa juani, kama ya ziwa, hutoka nje ya mstari huo na kujitangaza. Tangu miaka ya 1960 shirika hilo la Vienna, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, limekuwa likikusanya sampuli za mvua katika vituo vya nchi nyingi, na Entebbe ni kimojawapo. Hivyo mvua ya ukanda wa Ziwa Victoria ina kumbukumbu iliyoandikwa, na kumbukumbu hiyo iko ng'ambo ya mpaka tu.

Kauli tatu za nyumbani kwetu zina mifano yake katika Afrika Mashariki. Tuanze na kauli ya mvuvi. Maji ya ziwa kupita chini ya ardhi si ndoto. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka ndani yake, na bado maji yake si ya chumvi. Mwaka 1990 W. G. Darling na wenzake walichapisha utafiti ulioitambua alama ya maji ya ziwa hilo katika mvuke unaotoka ardhini upande wa kusini, huko Olkaria na Longonot. Lakini maji yale huteremka, hayapandi. Ziwa Victoria liko chini ya Busibwabo kwa makumi ya mita, na hapa methali niliyoanza nayo inatosha kumjibu mzee wetu.

Kauli ya kukhu nayo ina mfano wake. Nchini Uganda, katika eneo la Aroca, Richard Taylor na Ken Howard walitumia isotopu pamoja na hesabu za unyevu wa udongo kuchunguza maji yaliyohifadhiwa katika miamba mikongwe iliyomomonyoka, miamba ya jinsi ambayo imetapakaa sehemu kubwa za Uganda na hata kwetu Busia. Matokeo yao ya mwaka 1996 yalionyesha kwamba maji hayo hujazwa na mvua ya mahali palepale, kwa kiasi cha milimita 200 hivi kwa mwaka, na kwamba kujazwa huko hutegemea zaidi idadi ya siku za mvua kubwa, zinazozidi milimita 10, kuliko jumla ya mvua ya mwaka. Huko Makutapora, penye visima vinavyounywesha mji wa Dodoma, kumbukumbu za miaka 55 zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha jambo linalofanana na hilo: ardhi hushiba katika misimu michache ya mvua kali, na msimu wa El Niño wa 1997 na 1998 ulitia fora.

Kauli ya baba mdogo, kwa hiyo, ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi wa kuthibitishwa. Lau maji ya chemchemi yetu yangekuwa ya Masaba, chupa moja ingeonyesha wepesi wa mvua ya mlimani. Na hata ushahidi wa kukhu, japo ni wa thamani, una mpaka wake. Chemchemi kunenepa baada ya masika huonyesha kwamba mvua imeisukuma, lakini maji yanayotoka leo huenda yaliingia ardhini miaka kadhaa iliyopita, kama foleni ya malori ambamo anayeingia nyuma humsukuma mwingine kutoka mbele. Ili kujua umri wa maji hutumika isotopu nyingine, tritiumu, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3. Majaribio ya mabomu ya haidrojeni yaliijaza anga tritiumu, na kiwango chake katika mvua kilifikia kilele mwaka 1963. Maji yasiyokuwa nayo kabisa ni maji yaliyoingia ardhini kabla ya mabomu hayo. Inastaajabisha kwamba silaha zilizolipuliwa mbali na Afrika Mashariki ziliacha saa ndani ya visima vya wakulima wake.

Kuna jambo lingine ambalo ramani ya namna hii ingelifichua kwetu. Hadi mwaka 1902 eneo letu lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo lilihamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Watu waligawanywa: Wateso wako pande zote mbili, Wasamia vilevile. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Maji ya ardhini hayajawahi kukaguliwa hata mara moja. Kisima kinachochimbwa upande mmoja kinaweza kuteka maji yaliyonyesha upande wa pili, na ramani itakayoishia kwenye mstari wa mpaka itakuwa nusu ya ramani.

Niliwahi kuyasema haya mbele ya watu ambao yaliwahusu moja kwa moja. Msimu mmoja wa masika watoto watatu wa ukoo wetu waliharisha kwa zamu, na wazee wakaitisha kikao. Jambo lililokuwa mezani lilikuwa choo kipya ambacho baba mdogo alikuwa ameanza kukichimba juu ya chemchemi. Kwa kuwa wake wawili wa ukoo wetu ni Wateso na mkwe mmoja ametoka Uganda, kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili. Nilipopewa nafasi nilizungumza kuhusu sufuria ya mchuzi na mtama unaopepetwa, nikaeleza mlima, ziwa na mvua vinavyotofautishwa. Baba mdogo alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama nimeipima chemchemi yetu. Nikamjibu kwamba haijapimwa, ila nimemweleza inavyoweza kupimwa, na yaliyoonekana Aroca kwenye miamba kama yetu. Kikao kikanyamaza kidogo. Ndipo shangazi yangu akasema, "Mwanangu, tukishajua maji yametoka wapi, ndiyo yatakuwa safi?"

Sijasikia swali lililo bora kuliko hilo. Isotopu za oksijeni na haidrojeni husema maji yametoka wapi. Hazisemi kama yana vijidudu. Kwa usafi kuna vipimo vingine na kuna kazi ya mikono. Tena kazi hiyo imekwisha kuchunguzwa papa hapa Busia: utafiti wa Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Zwane, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusu takriban chemchemi 200, na ulionyesha kwamba kuijengea chemchemi kwa saruji ili maji yatoke kwa bomba kulipunguza uchafuzi wa maji kwenye chemchemi kwa takriban theluthi mbili, na kuharisha kwa watoto kwa takriban robo. Nilimjibu shangazi kwamba kujua asili ya maji hakuyasafishi, ila hutuonyesha ni nani anayepaswa kuyalinda. Ikiwa ni mvua yetu, mlinzi ni sisi. Baba mdogo hakukubali kwamba maji si ya Masaba, na hadi leo hajakubali. Lakini alisema hataki mtoto yeyote augue kwa sababu ya ubishi wake, akakifukia kile kishimo na kuchimba kingine chini ya mteremko, mbali na chemchemi.

Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikiutazama upya wajibu wetu sisi tunaosoma Kiswahili. Istilahi si kilio chetu cha kwanza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maneno mengine huingia kila siku kwa kutoholewa. Tunachopungukiwa ni maelezo: aya kumi zilizonyooka, ambazo mkulima anaweza kusomewa na akauliza swali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha katika Kifungu cha 43, na inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika Kifungu cha 7. Kwangu mimi vifungu hivyo viwili huenda pamoja. Haki ya maji ina upungufu pale ambapo mwenye haki hawezi kuelezwa maji yake yanatoka wapi kwa lugha anayoitumia kikaoni.

Kwa hiyo nawaomba wanachama wenzangu jambo dogo linalotekelezeka. Kila mmoja wetu, anapokwenda likizo, achukue utafiti mmoja uliofanywa kuhusu kwao au kuhusu mahali panapofanana na kwao, uwe wa maji, udongo, samaki au maradhi. Auandike kwa Kiswahili kinachosomeka barazani, ausome mbele ya watu, na arudi na maswali yao ili wahadhiri wetu na wenzao wa sayansi wayajibu. Mimi nimeanza na la shangazi. Kukhu naye amekwisha kunipa la pili: anataka kujua kama mikalitusi ya jirani inakunywa mvua ya mwaka huu au maji ya chini ambayo yaliwekwa akiba kabla haijapandwa. Mwenzangu wa jiolojia ameniambia kwamba hilo nalo hupimwa kwa isotopu, kwa kulinganisha maji yaliyo ndani ya mti na yale ya udongo na ya kisima.